Jozi Namba Ishirini na Tatu

Benchi lenyewe halina maajabu. Ni ubao mmoja mrefu juu ya vyuma viwili, umebonyea katikati kwa uzito wa maneno, na limekaa kwenye kona ambapo barabara kubwa inakutana na njia ya kwenda hospitali. Ukiketi pale unaliona tangi la maji la hospitali, jeupe, limechomoza juu ya mapaa. Pembeni ya benchi kuna mwavuli mkubwa wa mistari ya buluu na njano, na chini ya mwavuli yuko Fundi Viatu na foleni yake. Foleni hiyo ndiyo sheria pekee inayofuatwa katika kona nzima. Kiatu kikifika, Fundi anachukua chaki, anaandika namba kwenye soli, anakipanga nyuma ya kilichotangulia, na hapo kitakaa mpaka zamu yake, mwenye kiatu awe yeyote. Mama mkwe wake aliwahi kusubiri siku nne kwa ajili ya kisigino kimoja, na harusini akaenda na kandambili. Mpaka leo salamu zao ni za mkato.

Jumamosi hiyo asubuhi Fundi alikuwa kwenye namba kumi, buti la mjenzi lililokuwa limefunua mdomo. Kwenye benchi walikuwa watatu wale wale wa kila siku. Wa kwanza Hakimu, ambaye hajawahi kuhukumu hata ugomvi wa kuku, ila alifagia vyumba vya mahakama kwa miaka thelathini, na sheria aliyoiokota huko sakafuni anaona inamtosha. Wa pili Spika, fundi wa redio na vipaza sauti, mtu ambaye akinong'ona wanageuka walio ng'ambo ya barabara. Wa tatu Bwana Harusi, fundi bomba, aliyechumbia miaka tisa iliyopita na bado anatafuta tarehe. Shangazi, mwenye chupa ya kahawa, alikuwa amekalia ndoo aliyoipindua, akiwatazama kwa uso wa mtu anayesubiri mvua iishe.

Redio ya Spika ilikuwa katikati ya benchi, nayo ilikuwa inasema kwamba Jumatatu asubuhi mahakama itaanza kusikiliza kesi ya aliyekuwa Mkuu wa Nchi, yule anayeishi sasa kule mlimani juu ya mji. Majaji wataanza na swali moja: je, aliyeshika cheo kile anaweza kushtakiwa kwa aliyoyatenda akiwa madarakani? Familia tatu zinadai kwamba miaka saba iliyopita aliamuru barabara ya hospitali ifungwe kwa saa nne nzima ili msafara wake upite, na wagonjwa wao wakafia njiani.

Spika akaizima redio. Redio ikisema sana humkatiza.

— Haiwezekani, — alisema Spika. — Mkuu wa Nchi hashtakiwi. Ukimshtaki Mkuu wa Nchi umeishtaki nchi. Na nchi ni sisi. Sasa mimi nimshtaki mimi?

— Wewe ungefungwa, — alisema Shangazi.

— Ngojeni niwafafanulie kisheria, — alisema Hakimu, akaweka kikombe chini. — Kizimba cha mshtakiwa kina upana wa futi tatu. Nimekifagia miaka thelathini, nakijua kuliko waliosimama ndani yake. Mkuu wa Nchi hatembei peke yake, siyo? Ana mlinzi wa kulia, wa kushoto, wa nyuma, na yule wa kumbebea miwani. Watu watano. Futi tatu. Hawaenei. Kwa hiyo aliyejenga kile kizimba hakumkusudia yeye. Sheria imeshajibu swali, wala majaji wasijisumbue.

— Lakini huyu siyo Mkuu tena, — alisema Bwana Harusi. — Sasa hivi anaenea.

— Alipofanya jambo alikuwa haenei, — alisema Hakimu. — Tunaangalia upana wa siku ile.

Fundi aligonga msumari, ukapinda. Akauchomoa, akachukua mwingine. Hakuna aliyemwangalia, maana Fundi si msemaji. Kijiweni yeye ni kama saa ya ukutani: wanamkumbuka akisimama.

— Mimi yule mtu nimemhudumia, — alisema Spika, na sauti yake ikavuka barabara. — Siku ile ile ya msafara wanayoisema. Vipaza sauti vilikuwa vyangu. Vinne! Viwili kule, viwili juu ya nguzo hii hapa. Muziki ulikuwa unapigwa mpaka bati zinatetemeka. Alipopita alipunga mkono upande wangu.

— Alipunga upande wote, — alisema Shangazi.

— Wangu zaidi.

— Na kamba ya kuzuia magari waliifunga hapa, — alisema Bwana Harusi, akiinama kuonyesha mguu wa benchi. — Angalieni, alama hii bado ipo. Chuma kimechubuka. Askari aliniuliza mimi, mzee, benchi hili lina nguvu? Nikamwambia benchi hili halijawahi kumwangusha mtu.

Wote watatu waliitazama ile alama kwa heshima. Fundi aliiweka namba kumi pembeni na kuchukua namba kumi na moja, kiatu cha shule cha mtoto wa kike, kamba zake zimefungwa mafundo matatu. Alama ile alikuwa anaijua kuliko wao. Kwa miaka saba aliketi hatua mbili kutoka kwake, na kila asubuhi alipanga kigoda chake kwa namna ya kuipa mgongo.

Bwana Harusi, kwa kuwa alikuwa ameshainama, aliona vema akague na viatu vyake. Namba kumi na nne, vipo. Akaendelea kutembeza macho kwenye mstari mpaka mwisho, na huko mwisho macho yakagoma kuondoka.

— Fundi. Hivi vyeusi ni vya nani?

— Namba ishirini na tatu.

— Nakuuliza mwenyewe.

Fundi alikata uzi kwa meno.

— Vya kule mlimani, — alisema. — Mpishi wake alivileta jana alasiri.

Benchi zima liliinuka. Hata Shangazi alisogeza ndoo. Ilikuwa jozi ya viatu vya ngozi, vyeusi, vimeng'arishwa mpaka mwavuli unaonekana ndani yake, na chini kwenye soli ya kulia kulikuwa na tundu la kupitisha kidole. Pembeni ya tundu, kwa chaki nyeupe na mwandiko wa Fundi wa kulalia kushoto: 23.

— Saizi saba kasoro hivi, — alinong'ona Spika, na mwanamke mmoja ng'ambo akageuka. — Mguu wenyewe mdogo! Mtu mkubwa vile!

— Kina tundu, — alisema Hakimu, amevunjika moyo.

— Kwa nini hanunui vipya? — aliuliza Shangazi.

— Mpishi anasema ni hivi tu vinavyomkaa, — alisema Fundi. — Anavitaka kwa ajili ya Jumatatu.

— Jumatatu! — Bwana Harusi alianza kuhesabu kwa vidole. — Sasa upo kumi na moja. Kesho hufanyi kazi. Leo utafika wapi, kumi na tisa? Ishirini ukijitahidi. Fundi, hivi havitafika.

— Havitafika, — alikubali Fundi.

— Basi vitangulize.

— Ni namba ishirini na tatu.

Spika alirudi kukaa, akapiga paja.

— Hapo sasa! Hapo ndipo tunapojenga nchi au tunabomoa. Foleni ni kwa ajili ya watu. Mimi ni mtu, huyu ni mtu, Shangazi ni mtu pia. Yule ni Mkuu. Mkuu akipanga foleni, nani atakuwa mbele? Lazima kuwe na mtu wa mbele, la sivyo foleni inaelekea wapi?

— Mimi nitawapa mfano wa kitaalamu, — alisema Bwana Harusi. — Maji ya nyumba. Tangi liko wapi? Juu. Kwa nini juu? Likikaa chini maji hayatembei, unaoga kwa kikombe. Mkuu wa Nchi ni tangi. Sheria ni mabomba. Mabomba hayapandi kwenda kulikagua tangi.

— Na tangi likitoboka? — aliuliza Hakimu.

— Tangi halitoboki.

— La kwangu lilitoboka, — alisema Shangazi. — Ukaja wewe ukaziba. Linavuja mpaka leo, tena kwa sauti.

— Lile Shangazi nilikwambia ulipe muda.

— Nimelipa mwaka na nusu.

Hakimu aliinua mkono, kama alivyoona wenyewe wakifanya.

— Hoja ni kwamba watu tunachanganya mtu na mkono. Anayetia sahihi ni mkono. Mtu yuko ndani, labda hata hakubali, labda tumbo linamuuma. Kwa hiyo ushtakiwe mkono wa kulia peke yake. Mkono upelekwe kizimbani, unaenea vizuri, nafasi inabaki.

— Na yeye mwenyewe? — aliuliza Bwana Harusi.

— Anausindikiza. Ila kama ndugu wa mshtakiwa.

— Ukifungwa mkono?

— Anakwenda kuutembelea.

— Hapana, hapana, — alisema Spika. — Mnahangaika bure wakati dawa ni rahisi. Tuchague wakuu wawili. Mmoja wa kutawala, mmoja wa kufungwa. Wa kutawala anafanya kazi kwa raha zake, hana wasiwasi. Akikosea, wa kufungwa anachukua begi lake anakwenda. Begi liwe tayari mlangoni.

— Nani atagombea hicho cheo? — aliuliza Shangazi.

— Ebo! Watajaa. Nyumba ya bure, chakula cha bure, ulinzi saa ishirini na nne.

— Na huyo wa kufungwa, akifanya kosa humo gerezani?

Spika alifikiri kidogo.

— Hapo ana kinga, — alisema.

Hakimu aliitikia kwa kichwa taratibu, akasema kwamba kisheria hilo limekaa sawa. Shangazi aliwamiminia duru nyingine. Fundi alikuwa anahangaika na lile fundo la tatu. Maneno yao aliyazoea, hata aliyapenda. Kuna siku yalimtoa nyumbani alipokuwa hana sababu nyingine ya kutoka. Watu hawa walibeba jeneza la mkewe. Spika alilia kwa sauti ile ile ya vipaza, mpaka ikabidi mtu amshike. Ndiyo maana hakuwahi kuwaambia.

Wakati huo alifika dada mmoja, amekumbatia faili kifuani, anachechemea. Kiatu kimoja alikuwa amekivaa, cha pili amekishika mkononi, mkanda umekatika.

— Shikamooni wazee wangu. Shikamoo Shangazi.

— Marahaba, marahaba. Karibu mwanangu.

— Nimetembea mtaa kwa mtaa tangu jana, kimenikatikia hapo kwenye kona. Fundi, naweza kusubiri?

Fundi alikuwa ameshanyoosha mkono. Kiatu cha shule kilirudi chini, chake kikapanda kwenye chuma. Akampa kipande cha boksi akanyagie, na kikombe cha kahawa kikamfuata kabla hajakaa sawa.

— Ngojeni, — alisema Bwana Harusi. — Mimi nipo namba kumi na nne tangu Jumatano!

— Wewe umevaa nini miguuni? — aliuliza Fundi.

Bwana Harusi alitazama miguu yake. Alikuwa amevaa mabuti ya kazini.

— Ni sheria ya peku, mwanangu, — Hakimu alimweleza mgeni. — Hapa kila kiatu kina namba na namba hairukwi. Ila mtu akija peku, hana kingine cha kuondokea, huyo anapita mbele ya wote papo hapo. Hata awe mwendawazimu. Mwezi uliopita alikuja mlevi amepoteza kimoja, na chenyewe kile kilichobaki hakikuwa chake. Akahudumiwa.

— Sheria nzuri, — alisema yule dada. — Na hivi vyeusi?

— Hivyo tusizungumzie, — alisema Spika. — Hivyo ni jambo la taifa. Mwanangu umebeba faili, unafanya kazi gani?

— Nipo kwa wakili. Wakili wa zile familia tatu, wa kesi ya Jumatatu. Tunatafuta watu waliokuwa kwenye kona hii siku barabara ilipofungwa. Kuna wanaosema kamba haikuwepo kabisa, na kwamba magari ya wagonjwa yaliruhusiwa. Tunahitaji mtu aliyeona. — Alifungua faili magotini. — Nimeambiwa kuna benchi ambalo watu wake hawaondoki. Nyinyi siku ile mlikuwepo?

Hakimu alianza kufuta vumbi kwenye goti lake.

— Siku ipi hiyo? — aliuliza Spika, kwa sauti ya mtu wa kawaida.

— Siku ya msafara. Miaka saba iliyopita.

— Aa. Hiyo. Mimi nadhani nilikuwa nimesafiri.

— Mimi meno, — alisema Hakimu. — Mwaka ule wote nilikuwa na meno.

— Mimi nilikuwa kwa wakwe, — alisema Bwana Harusi, na kwa kuwa hata yeye aliisikia hiyo, akaongeza: — Wakwe watarajiwa.

Shangazi aliwatazama mmoja mmoja, halafu akaitazama chupa yake. Yeye kweli hakuwepo; miaka saba iliyopita alikuwa anauza kahawa stendi. Yule dada aliandika kitu kifupi, akafuta. Hakuonekana kukasirika; huenda majibu hayo alikuwa ameshayasikia nyumba nyingi. Akakunja faili na kutafuta la kusema wakati kiatu kikimaliziwa.

— Hii sheria yenu ya peku, — alisema, — ilianza lini?

— Ipo siku zote, — alisema Bwana Harusi.

— Haipo siku zote, — alisema Hakimu. — Mama mkwe wake harusini alikwenda na kandambili. Ingekuwepo angekuja peku tu. Hii ni ya juzi juzi. Miaka sita. Saba.

— Kwa nini ikaja?

Hakimu alimtazama Spika. Spika alimtazama Bwana Harusi. Miaka yote hiyo walikuwa wanawaeleza wageni sheria ile kwa majivuno, kama waliitunga wao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza. Mwishowe wote walimgeukia Fundi.

Fundi alivuta uzi mpaka ukakaza. Angeweza kusema ni biashara tu. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini pale chini, mwisho wa mstari, viatu vyeusi vilikuwa vimeelekeza pua kwake, na huyu dada alikuwa ametembea siku mbili mpaka mkanda ukakatika.

— Tulikuwepo, — alisema. — Wote watatu hawa, na mimi wa nne.

Akakigeuza kiatu.

— Mke wangu alikuwa na pumu. Asubuhi ile nilimwacha mzima, anachambua mchele. Saa tatu kifua kikambana. Mdogo wake akamtia kwenye teksi. Wakafika hapo, — alionyesha kwa sindano, ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la rangi, — wakakuta kamba. Hospitali ile pale, unaiona. Shemeji akashuka kumwomba askari. Askari akasema mpaka msafara upite. Wakakaa mpaka saa saba.

— Fundi, — alisema Hakimu taratibu, — sisi tulijua alifia hospitali.

— Alifikishwa tu, roho ilishatoka. Shemeji aliniambia baada ya mazishi. Alisema dada yake alikuwa anauona huu mwavuli. Akawa anasema, mume wangu yule pale, mwiteni. Shemeji akaita. Akaita mpaka sauti ikamkauka. Hatua thelathini. — Akachoma sindano, akaitoa upande wa pili. — Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kigoda hiki ili nione vizuri. Nilikuwa napiga makofi.

Barabarani lilipita lori. Spika alikuwa amefumba macho.

— Muziki, — alisema hatimaye. Hata Shangazi aliyekuwa karibu alilazimika kutega sikio. — Hukusikia kwa sababu ya muziki.

— Ndiyo.

— Vipaza vilikuwa vyangu.

— Najua ndugu yangu.

— Miaka saba umenikalisha hapa nakusimulia. Leo tu asubuhi nimesimulia!

— Ungefanya nini? Ungelia tu. Ulishalia vya kutosha.

Bwana Harusi aliinuka kutoka kwenye benchi, akasogea pembeni, akasimama. Alilitazama lile benchi kana kwamba limemuuma. Halafu akachuchumaa karibu na ule mguu uliochubuka, akaufuta kwa kiganja, na alama haikutoka.

— Ndiyo maana ikawa sheria, — Fundi alimwambia yule dada, akimrudishia kiatu. — Aliyezidiwa apite. Sikuweza kitu kingine. Nina viatu tu.

Yule dada alivaa kiatu chake na hakuondoka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini kalamu alishaishika.

— Baba, naweza kukuandika?

Fundi aliiweka sindano chini kwanza. Si kwa kumwogopa yule wa mlimani. Alijua mahakamani ataulizwa wewe ulikuwa wapi, na atalisema mbele ya shemeji yake, mbele ya mama mkwe, neno ambalo kwa miaka saba lilikuwa lake peke yake.

— Niandike, — alisema. — Uandike na makofi. Usiyaache.

— Na mimi, — alisema Spika. — Andika vipaza vinne. Viwili nguzo hii.

— Mimi andika kamba, — alisema Bwana Harusi kutoka chini. — Niliwaambia benchi lina nguvu.

Hakimu alivua kofia.

— Meno yalikuwa mwaka mwingine, — alisema. — Andika nilikuwepo. Na kizimba cha mashahidi ni futi mbili na nusu. Nitawaelekeza namna ya kusimama.

Dada aliandika kurasa mbili, akawasomea, wakatia sahihi kila mmoja kwa mkono wake. Spika alitia na dole gumba, kwa usalama zaidi. Alipokwisha kuwaaga na kuvuka barabara, walimtazama mpaka akapotea nyuma ya duka la rangi. Ndipo kutoka upande wa mlima aliposhuka mzee mmoja mwembamba, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuwa Mpishi.

— Habari za hapa, Fundi. Nimefuata vile viatu.

— Salama mzee. Bado.

— Kesho kutwa asubuhi anavitaka. Anakwenda... — Mpishi alisita, adabu ikamzuia. — Ana shughuli. Ameniambia nikwambie uvitangulize.

Spika alifungua mdomo. Shangazi alimkanyaga mguu.

Fundi alikiinua kiatu cheusi, akaingiza kidole kwenye lile tundu, akatazama. Soli ilikuwa imelika kwa haki kabisa, kama soli ya mtu yeyote. Kazi ya nusu saa. Angeweza kuvisukuma vianguke mtaroni pia, na moyo wake ulilifikiria hilo. Alivirudisha mahali pake, nyuma ya namba ishirini na mbili, akavinyoosha pua zikae sawa.

— Leo nitafika ishirini, — alisema. — Jumatatu sifungui, nina shughuli. Zamu yake ni Jumanne.

— Jumanne itakuwa imeshapita.

— Labda aje mwenyewe, peku. Mtu akija peku namhudumia papo hapo, simuulizi ni nani. Muulize yeyote hapa.

— Ndiyo sheria, — alisema Hakimu.

Mpishi aliutazama mstari wa viatu, kuanzia kiatu cha shule chenye mafundo mpaka mwisho. Hakuonekana kuudhika. Alionekana kama mtu aliyepewa chombo kizito asichojua kitashikwa wapi.

— Nimempikia miaka arobaini, — alisema. — Kabla hajawa, alipokuwa, na sasa. Sijawahi kumwambia asubiri. Hata chai. — Akawageukia waliokuwa kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine, kwa unyenyekevu wa kweli. — Nyinyi ni watu wa maneno. Mtu kama yule, kumwambia asubiri, inasemwaje?

Spika alimtazama Hakimu. Hakimu aligeuza kofia mikononi, akasoma ndani yake. Bwana Harusi, ambaye kwa miaka tisa hakufanya kazi nyingine ila kumwambia mtu asubiri, hata yeye alikosa. Shangazi aliiinamisha chupa juu ya kikombe cha mgeni, yakatoka matone mawili, kisha hewa.

— Kahawa imekwisha, — alisema.

Mpishi aliendelea kusimama. Fundi alikichukua kiatu cha shule, akakiweka magotini, akalirudia lile fundo la tatu.

— Mwambie kuna watu mbele yake, — alisema.

Fundo likaachia. Akatafuta sindano.